Plastiki ya Bi Mkubwa

Yule afisa wa mpakani madereva walimpachika jina la Nyundo, na wala hawakumsingizia. Wenzake hugonga muhuri kistaarabu, pembeni mwa ukurasa, wakabakiza nafasi ya mihuri mingine mitano. Yeye hapana. Yeye hutafuta ukurasa mweupe, akaulaza kwa kiganja, akanyanyua mkono mpaka usawa wa sikio, akapiga katikati kama anaua mende. Muhuri mmoja, ukurasa mmoja. Ukimwuliza sababu atakwambia kazi ya serikali haibanwi pembeni.

Siku hiyo mbele yake alisimama dereva wa watalii waliyemwita Breki. Jina hilo alipewa na abiria, kwa sababu alimsimamishia gari kila kiumbe barabarani, hata kuku, na kwa miaka kumi na sita hakuwahi kumkwaruza mtu. Alikuwa akirudi na wageni wanane kutoka mbuga ya upande wa pili. Wageni walipita mmoja mmoja, hakuna aliyemaliza dakika mbili. Yeye aliye mtoto wa nchi ndiye aliyebaki dirishani, kofia mkononi, akimwomba Nyundo kwa sauti ya chini amgongee pale palipobaki robo ya ukurasa, maana mweupe umebaki mmoja tu, na safari nyingine iko karibu.

"Niachie huo mmoja, mkuu," alisema. "Nakuomba."

Nyundo alimtazama, akaufungua ukurasa wa mwisho, akanyanyua mkono. Meza ilitikisika.

"Ukija tena na kitabu hiki," akasema huku akimrushia, "nakugeuza wewe na gari lako."

Breki akasema ahsante. Ndiyo, alisema ahsante. Watu wa kazi zile wanashukuru hata wakipigwa kibao, kwa sababu kesho watapita dirisha lilelile.

Safari nyingine ilikuwa baada ya wiki tatu. Kuna walimu kumi na mmoja, wazee waliostaafu, waliokuwa wakija kila mwaka kutoka mbali, na kila mwaka wakimtaka Breki na si mtu mwingine. Kampuni yenyewe ilikuwa ya bosi mmoja mwenye magari mawili na simu isiyonyamaza, na dereva wa gari la pili hakuwa na pasipoti kabisa. Bosi alisema wazi, bila kumtisha: asipopatikana dereva wa kuvuka, kazi ya upande wa pili itachukuliwa na kampuni ya upande wa pili, na ikishachukuliwa haitarudi. Kwa nyumba ya Breki hilo lilikuwa na maana mbili kwa mpigo. Yeye alikuwa akiendesha, na mkewe ndiye aliyewafungia wageni chakula cha njiani, mkate, mayai na ndizi, kila kifurushi na kitambaa chake. Njia ikifa, mikono yote miwili ya nyumba ile inakatika.

* * *

Nyumbani hawakuona kama ni jambo la kukosesha usingizi. Pasipoti imejaa, si inaombwa nyingine. Ile ya kwanza aliipata kwa kiapo cha mama yake mbele ya hakimu, siku ambazo kiapo kilitosha. Sasa maelekezo yalisema cheti cha kuzaliwa, nakala halisi. Mkewe aliposoma maneno hayo kwenye fomu, mama mkwe wake, Bi Mkubwa, alikwishainuka kwenda kuvuta sanduku lake la bati chini ya kitanda.

Bi Mkubwa alikuwa na ugonjwa mmoja, kama ule ni ugonjwa. Karatasi yoyote yenye muhuri aliipeleka kwa mpiga picha wa sokoni, mwenye ile mashine ya moto, ikapigwa plastiki ngumu mbele na nyuma. Alianza mwaka aliofiwa na mumewe. Mvua iliingia ndani, ikalowesha barua ya kiwanja mpaka ikawa uji, na shemeji zake wakasema barua gani, sisi hatujaona barua. Akatoka kwenye kiwanja kile na mtoto mgongoni na sufuria mkononi. Tangu hapo hakuiamini karatasi tupu. Kadi za kliniki, stakabadhi ya redio, kibali cha kumzikia mumewe, hata ripoti za shule za wajukuu zake ambazo hazikuwa na sifa yoyote ya kutunzwa, zote alizifunika. Wajukuu walimtania kwamba siku moja atawapiga plastiki na wao.

Alikitoa cheti cha mwanawe, akakipangusa kwa upindo wa kanga, akakiweka mezani. Kilikuwa kinang'aa. Herufi zote zilionekana, na muhuri ulikuwa bado na rangi yake ya zambarau.

"Miaka thelathini na tisa," alisema. "Hakijaingia hata vumbi."

Alikuwa na haki ya kujivuna, na alijivuna. Mkwewe akamwambia mama, ungekuwa waziri sisi tungekuwa mbali. Walicheka wote.

* * *

Ofisi ya pasipoti ilifunguliwa saa mbili na watu walikuwa pale tangu saa kumi na moja alfajiri. Madirisha yalikuwa sita. Matatu yalifungwa kwa mapazia, moja lilikuwa la watu wanaojulikana, na mawili yaliyobaki yaliwahudumia raia. Breki aliangukia dirisha namba nne saa sita na nusu, kwa afisa mmoja binti mwenye kucha nzuri na kikombe cha chai. Alizipitia fomu vizuri tu. Alipofika kwenye cheti hakukigusa. Alikigonga kwa kalamu, mara mbili, kama mtu anayejaribu kama mdudu amekufa.

Akasema kimeharibiwa.

Breki alidhani hakusikia vizuri. Akakigeuza, akakitazama mbele na nyuma, akauliza kimeharibika wapi. Binti akamweleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema hivyo mara ishirini tangu asubuhi, kwamba cheti kilichopigwa plastiki si cheti tena, kwamba muhuri lazima ushikike kwa kidole, na kwamba aende wilaya aliyozaliwa, akaombe kingine, wiki nne mpaka sita, kisha arudi. Breki akauliza sheria hiyo imebandikwa wapi. Haikubandikwa popote. Ukutani kulikuwa na picha ya simba na maandishi makubwa ya kuwakaribisha wageni wa nchi zote.

Hapo Breki akafanya jambo aliloliona la akili. Akaitoa pasipoti yake ya zamani, akaiweka juu ya kaunta. Akasema hii mlinipa nyinyi, ofisi hiihii, ina jina langu, ina uso wangu, nimevuka nayo miaka minne na mihuri yenu imejaa humo hadi hakuna pa kugonga. Kama mimi si raia, ni nani aliyekuwa akivuka?

"Hiyo inaonyesha ulipewa pasipoti," binti alisema. "Haionyeshi ulizaliwa."

Haionyeshi ulizaliwa. Mtu mzima, kilo themanini, amesimama mbele yako jasho linamtiririka, na wewe unamwambia bado hajathibitisha kama alizaliwa. Na alipotoka nje, mtu mmoja mwenye bahasha kwapani akamfuata hadi getini, akamnong'oneza kwamba hata cheti cha plastiki kinapita, inategemea unaongea na nani na umeongea na nini. Alichotaja kilikuwa zaidi ya mshahara wa miezi miwili. Breki akamwambia hana. Yule akasema basi subiri, na akamtakia siku njema.

Alipigwa danadana wiki nzima. Bosi alimpa barua ya kampuni. Wakasema barua ya kampuni haina uzito. Aliomba hati ya dharura. Wakasema dharura ni ugonjwa au kifo, watalii si dharura. Wilayani alikozaliwa alipiga simu mara nne. Mara ya nne mtu alipokea, akamwambia daftari za mwaka ule ziko stoo, na mwenye ufunguo yuko likizo.

* * *

Siku ya nane Bi Mkubwa alivaa viatu. Alisema kama ni swali la nani alizaliwa na nani, basi wanaye mtu wa kuuliza. Breki alijaribu kumzuia, akashindwa, na wakaenda pamoja, wakapanga foleni kwa muda wa saa saba nzima. Mama mwenye magoti mabovu, na hakuna aliyempa kiti, maana viti vilikuwa upande wa wageni wanaoomba viza.

Dirishani alisalimia kwanza. Akamwuliza binti habari za kazi, habari za nyumbani. Binti akauliza shida nini.

"Shida yangu ni huyu hapa," Bi Mkubwa alisema, akamshika mwanawe mkono kama anamkabidhi shuleni. "Nimemzaa mimi, hospitali ya serikali, siku ya Jumanne. Mkunga alikuwa na mwanya. Andika, niweke dole gumba."

"Hatuandiki maneno, bibi. Tunataka cheti."

"Cheti si hicho? Kisome."

"Kinasomeka, lakini kimeharibiwa."

"Nionyeshe palipoharibika, mwanangu. Macho yangu hayaoni vizuri. Nionyeshe."

Nyuma yao foleni ilianza kunung'unika. Binti alikunywa chai. Kisha akainua sauti, si kwa hasira, bali ili amalize.

"Nani alikipiga plastiki?"

"Mimi."

"Basi bibi, wewe ndiye uliyemharibia mwanao, si mimi. Anayefuata."

Kuna mtu alicheka. Mmoja tu, huko nyuma, na huenda alikuwa akicheka jambo lake jingine. Lakini Bi Mkubwa alilisikia cheko lile na akalichukua lote. Alikiingiza cheti kwenye mfuko wake wa nailoni, akafunga fundo, akafungua, akafunga tena. Njia nzima Breki, Mungu amsamehe, hakumwambia kwamba binti yule ni mjinga. Alikuwa anafikiria siku zilizobaki. Zilikuwa kumi na mbili.

* * *

Keshokutwa yake mke wa Breki alikwenda sokoni na watoto walikuwa shule. Bi Mkubwa alibaki peke yake na jambo lile kichwani. Kama kosa ni plastiki, plastiki inatoka. Mpiga picha alikuwa amemwambia zamani kwamba kilichoingia kwa moto hutoka kwa moto. Akawasha mkaa, akajaza pasi, akatandika blanketi mezani kama anavyonyosha sare za wajukuu. Akaweka kitambaa juu ya cheti, akapitisha pasi taratibu, akanyanyua, akapitisha tena. Kona moja ikalegea. Akaishika kwa kucha na kuvuta, na ikaja, ikaja vizuri kabisa, na moyo wake ukafurahi, akasema peke yake, kumbe.

Alikuwa amefika katikati alipoona kwamba wino unakuja na plastiki.

Akaacha kuvuta. Akajaribu kuirudisha, akaikandamiza kwa kiganja, akapitisha pasi tena ili ishike. Haikushika pale ilipokuwa. Mezani ilibaki karatasi nyeupe yenye madoa ya zambarau. Plastiki ilikuwa mkononi, na jina la mwanawe lilikuwa limeganda ndani yake, nusu nusu, likisomeka kinyume.

Hivyo ndivyo Breki alivyomkuta. Alikuwa ametoka ofisini kwa mara ya sita. Walimwambia mtandao umelala. Alisimama mlangoni akaona pasi, akaona karatasi, akaelewa.

"Nani alikutuma?" alisema.

Bi Mkubwa akaisogeza pasi pembeni.

"Nani alikutuma, mama? Toka mwanzo nani alikutuma? Ungekiacha kama kilivyokuwa, leo ningekuwa na kazi. Wewe na plastiki yako. Wewe na plastiki yako, miaka yote!"

Aliupiga mlango, akatoka. Na mimi nataka hili lieleweke, kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko mengine yote. Nyundo, Breki alimwita mkuu. Binti wa dirisha namba nne alimwita dada. Yule wa bahasha alimwita kaka, na askari mmoja wa getini aliyemsukuma siku moja kwa kitako cha bunduki alimwomba samahani. Kote huko sauti yake ilikuwa ya chini. Aliitunza sauti yake ya juu, akaipeleka nyumbani, akammwagia mwanamke mmoja tu katika nchi nzima aliyewahi kuitunza karatasi yake. Wanatufanyia hivyo. Wanatukera kwenye madirisha yao, halafu tunakwenda kulipiza kwa watu wetu.

Mkewe aliporudi alimkuta Bi Mkubwa amekaa sakafuni anakwangua majivu ya pasi. Alimwuliza kuna nini. Akajibiwa hakuna kitu, mama, pasi ilizidi moto.

* * *

Siku ya safari ilifika kama zinavyofika siku zote. Bosi hakuwa na mtu mwingine, akamwambia Breki awaendeshe walimu hadi mpakani, huko watakabidhiwa kwa gari la kampuni ya upande wa pili. Mkewe alifunga vifurushi kumi na moja. Walimu walifurahi kumwona, wakamwuliza watoto wamefika darasa la ngapi, wakampa zawadi za wajukuu wa Bi Mkubwa kwa majina yao, maana waliyakumbuka.

Mpakani mtandao ulikuwa umelala pia. Wazee wale, mmoja na fimbo, mmoja na dawa zake za moyo, walisimama kwenye jua la saa sita mpaka saa tisa, nje ya jengo jipya lenye viyoyozi. Breki alizunguka akitafuta kivuli, akitafuta maji, akitafuta mtu wa kumwambia. Mtandao ulipoamka wakagongewa wote kwa dakika kumi. Kisha wakageuka kumtazama dereva wao, wakingoja apande gari.

Akawaambia haendi. Yule mwenye fimbo, mwalimu mkuu wa zamani, akauliza kwa nini. Breki akasema pasipoti imejaa. Mwalimu akasema si wakupe nyingine. Breki akasema ndiyo, watanipa. Ni mtu wa aina hiyo; hakutaka kuisema nchi yake vibaya mbele ya wageni. Inaelekea mwalimu alielewa, kwa sababu hakuuliza tena.

Ikabidi watembee. Gari halivuki bila dereva, na dereva wa upande wa pili haruhusiwi kuingia upande huu bila kibali. Kwa hiyo wazee kumi na mmoja waliburuta masanduku yao kwenye changarawe, mita mia tatu, kila mmoja na kifurushi chake cha chakula kwapani. Breki alibeba masanduku mawili mpaka kwenye kizuizi. Hapo Nyundo akanyoosha mkono.

"Mwisho wako hapo."

Breki akayaweka chini. Mwalimu mwenye fimbo alirudi kuyachukua mwenyewe. Alipeana naye mkono, akamwambia kwa masikitiko, wala si kwa hasira, kwamba wenzake wamekwishaamua, mwaka ujao watashukia uwanja wa ndege wa upande wa pili moja kwa moja. Umri wao hauwaruhusu tena mambo haya. Akamwomba amsalimie mama yake.

Walimu hawakurudi. Vikundi vingine viwili vikasikia kwao na vikafuata. Bosi aliuza gari moja, kisha la pili. Mke wa Breki aliviweka vile vitambaa kwenye mfuko, akavipandisha juu ya kabati. Lile bango la simba la kukaribisha wageni liko palepale mpaka leo, na kila mwaka wakubwa wanatangaza redioni kwamba utalii ni uti wa mgongo wa taifa.

* * *

Pasipoti ilitoka mwezi wa saba tangu kuombwa. Mwenye ufunguo wa stoo alikuwa amerudi likizo, daftari likapatikana, cheti kipya kikaandikwa, na Breki alikibeba kutoka wilayani katikati ya gazeti bila kukikunja, kama mtu abebaye mayai. Wakati huo alikuwa anaendesha lori la kokoto, machimboni hadi kwenye majengo, majengo hadi machimboni. Hakuna mpaka katika njia ile.

Aliingia jioni na vumbi lake, akaiweka pasipoti mezani. Watoto wakaigombania, wakahesabu kurasa, arubaini na nane, zote nyeupe. Mkewe aliitazama picha akasema umekonda. Kisha Breki akaichukua, akaenda kuketi karibu na mama yake kwenye mkeka. Tangu siku ya pasi walikuwa wakisalimiana, wakiulizana habari za magoti na za lori, lakini lile neno halikuwahi kuguswa. Alitaka kuliombea msamaha, na hakujua pa kuanzia. Akampa pasipoti aishike.

Bi Mkubwa aliifungua ukurasa wa kwanza, ule wenye picha. Akapitisha kidole juu ya uso wa mwanawe. Akakirudisha kidole, akapitisha tena, akausogeza ukurasa kwenye mwanga na kuuinamisha huku na huku. Ulikuwa unang'aa.

"Hii si plastiki?" aliuliza.

Breki akatazama. Alikuwa hajaona. Ukurasa wote, jina, picha, muhuri, namba, tarehe ya kuzaliwa, umefunikwa plastiki ngumu toka juu hadi chini, umebanwa kwa moto.

"Plastiki, mama."

"Nani aliyeipiga?"

"Serikali."

Bi Mkubwa alikwangua ukingo wa ukurasa kwa ukucha, kidogo tu, kama alivyoikwangua ile kona siku ile, kisha akaacha na kuifunga pasipoti.

"Basi kesho irudishe," alisema. "Mwambie yule binti kwamba nayo imeharibiwa."

Breki aliinamisha kichwa mpaka kwenye goti la mama yake, akalia kwa sauti, mtu mzima, na vumbi la kokoto likamchafua mama yake kanga yote.

Bi Mkubwa alimwacha alie. Alipomaliza, alivuta sanduku la bati, akaitumbukiza pasipoti humo pamoja na kibali cha mazishi na stakabadhi ya redio, na akaenda kumpashia maji ya kuoga.